Fundi Sahihi na Injini ya Kulia

Siku shemeji yangu alipomwoa dada yangu, nusura ndoa iharibike kwa sababu ya karatasi. Watu tumekaa, bibi harusi jasho linamtiririka, mwandikishaji amemnyooshea bwana harusi kalamu, na bwana harusi anasoma. Alisoma cheti kuanzia juu hadi chini, akakigeuza akaangalia na nyuma, ambako hapakuwa na kitu, akarudi mbele akaanza upya. Mara ya pili akaweka kidole mahali fulani akasema, kwa adabu zote, kwamba tarehe iliyoandikwa ni ya jana, na kwamba jana yeye alikuwa kazini. Cheti kikaandikwa kipya. Mama yangu alininong'oneza kwamba tumempa binti yetu karani wa mahakama bila kujua. Dada aliliweka jambo hilo moyoni, na dada yangu akiliweka jambo moyoni halitoki hata kwa nyundo.

Hakuwa karani. Alikuwa fundi wa injini za ndege. Baadaye alinitafutia kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wake wa ndege, kwa hiyo nimemwona mchana kazini na jioni mezani kwa dada kwa miaka ishirini na miwili, na naapa ni mtu yuleyule. Uwanjani walimwita Fundi Sahihi. Ndege ikishatengenezwa haiondoki mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi yake kwamba ni nzima. Wako mafundi wanaotia sahihi huku wanaongea na simu. Huyu alisoma mara mbili, kisha akasimama dakika moja na kalamu hewani kama mtu aliyesahau jina lake, ndipo akaandika. Abiria wamemlaani sana huyu mtu bila kumjua.

Tena mafundi wa pale walikuwa na desturi yao ambayo haikuandikwa popote. Fundi akitia sahihi baada ya matengenezo makubwa, safari ya kwanza ya ndege ile anapanda yeye mwenyewe. Hakuna aliyejua nani aliianzisha. Shemeji aliifuata kama dini, na kila mara alipanda amevaa ovaroli, akakaa kati ya watu waliovaa tai, akinuka mafuta.

Bosi wetu wa mwisho, mkurugenzi, tulimwita Bwana Jana, kwa sababu kila kitu alikitaka jana. Alikuja na suti tatu na hamu kubwa ya kupunguza watu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyezunguka kando ya njia ya kurukia akipiga debe kufukuza mwewe, maana ng'ambo ya uzio kuna jalala la mji, na mwewe wamelifanya hoteli. Bwana Jana alimwona mzee na debe lake, akauliza huyu naye ni idara gani, na mwisho wa mwezi mzee akarudishwa kwake. Mafundi wenye leseni walikuwa wawili. Mmoja akastaafu, nafasi yake haikujazwa. Akabaki shemeji, naye alikuwa amebakiza miezi saba tu kuchukua kiinua mgongo chake.

Basi mwewe mmoja akaingia kwenye injini ya kulia. Ndege ilikuwa inatua, ikatua salama, abiria wakashuka wakilalamikia mizigo kama kawaida. Shemeji akapanda ngazi na tochi, akachungulia ndani, akashuka akasema injini imekufa, iletwe nyingine. Nyingine ingechukua wiki tatu kufika. Bwana Jana akashika kichwa. Ndege ya kampuni ilikuwa ni hiyo, ya injini mbili, na alitaka ipelekwe makao makuu, mwendo wa dakika arobaini angani, ikafanyiwe kazi huko chini ya macho ya wakubwa wake.

"Ipelekwe vipi?" shemeji akauliza.

"Si ina injini mbili? Imekufa moja. Hiyo nyingine kazi yake nini?"

Tulikuwa kwenye banda la mizigo, mimi na wenzangu tumekalia masanduku ya watu. Kapteni, rubani wa ndege ile, naye alikuwepo, kijana wa watu aliyependa sana miwani yake. Badala ya kunyamaza, akataka kuonekana msomi.

"Kwa kweli bosi, ndege hii imetengenezwa iweze kuruka kwa injini moja," akasema. "Kila miezi sita tunaenda kwenye mashine ya mazoezi, wanatuzimia injini tukiwa katikati ya kukimbia, na tunaruka."

"Kumbe!" Bwana Jana akamgeukia shemeji. "Sasa wewe fundi, inaweza au haiwezi?"

"Inaweza kumalizia," shemeji akajibu. "Haiwezi kuanzia."

"Tofauti yake nini? Kuruka ni kuruka."

Ningekuwa mimi ningesema ndiyo bosi, nikaenda zangu. Shemeji akaangalia huku na huku, macho yake yakaangukia toroli la mizigo, lile kubwa la magurudumu manne. Akamwomba mkurugenzi akae juu yake. Sijui ni kiburi au ni joto, lakini mkurugenzi akakaa, suti na yote, miguu inaning'inia. Shemeji akaniweka mimi kona ya kulia ya nyuma, akaniambia nisukume kwa nguvu zangu zote, mkono mmoja tu, kona hiyohiyo tu. Yaani mimi ndiye niliyekuwa injini.

Nikasukuma. Nakiri niliweka na chuki yangu kidogo. Toroli halikwenda mbele hata hatua mbili, likageuka upande kama mbuzi aliyevutwa sikio, likagonga ndoo ya maji ya kudekia, na mkurugenzi akashukia ndooni kwa mguu mmoja. Wapakiaji wote tukapata kikohozi kwa wakati mmoja.

"Toroli halina usukani!" Bwana Jana akafoka, anakung'uta kiatu. "Ndege inao!"

"Sasa hapo umeuliza la maana," shemeji akasema bila kucheka, na hilo ndilo lililozidi kutuua. "Usukani uko mkiani. Lakini ule ni ubao tu, unafanya kazi kwa upepo. Umewahi kutoa mkono nje ya dirisha la gari? Gari likisimama mkono hausikii kitu. Likikimbia, upepo unausukuma mpaka unataka kung'oka. Ndege ikishashika kasi, injini moja ikifa, mkia una upepo wa kutosha kuinyoosha. Ikiwa imesimama hauna upepo wowote. Injini moja itaipeleka majanini."

"Na hiyo ya mashine ya mazoezi?"

"Kabla ya kila safari marubani wanapiga hesabu ya mwendo fulani. Injini ikifa chini ya mwendo huo, wanafunga breki. Ikifa juu yake, breki haziwezi tena, njia itaisha, kwa hiyo wanaendelea na iliyobaki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ila ili ufikie mwendo huo ulianza na mbili."

Mimi mpakia mizigo nilielewa. Bwana Jana alielewa vilevile, ila kuelewa kulikuwa hakumsaidii. Akamgeukia Kapteni. Je, kama ndege haina abiria wala mizigo, nyepesi, na akaanza polepole, moto kidogo kidogo? Kapteni akaipandisha miwani.

"Labda," akasema.

"Kwenye karatasi yangu hakuna kisanduku cha labda," shemeji akasema. "Na ukienda polepole, njia yetu itaisha hujashika mwendo. Baada ya njia kuna uzio, na baada ya uzio mnajua kuna nini. Tutakuwa tumejipeleka jalalani wenyewe, bila kusubiri gari la taka."

Hapo bosi akaacha kuuliza. Akasema kesho saa mbili asubuhi anataka kuona sahihi kwenye fomu ya kuiruhusu ndege. Asipoiona, basi fundi ahesabu hana kazi ya ufundi tena, na hayo mambo ya kiinua mgongo watajua mbele ya safari. Akaondoka, kiatu kimoja kikilia chwa, chwa, chwa.

Jioni nilikwenda kwa dada kula, kama kawaida yangu ya kula kwa watu. Dada ni fundi cherehani, sebule yake nusu ni ya wageni na nusu ni ya vitambaa, na ukikaa bila kuangalia unainuka na pini. Shemeji alikuwa anafinyanga tonge lilelile bila kulipeleka mdomoni. Dada akamwangalia, akaniangalia mimi, akaniuliza mumewe ana nini. Nikamweleza yote. Sehemu ya ndoo nilieleza mara mbili.

"Sasa baba watoto," dada akasema, "ukifukuzwa utakaa wapi mchana?"

"Hapa nyumbani."

"Hapa? Nani alikuambia nakutaka mchana? Utaanza kunisomea vitambaa vyangu mara mbili mbili. Wateja watanikimbia."

Shemeji akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba anaogopa. Miaka thelathini na moja, na imebaki miezi saba. Nyumba haijaezekwa upande wa nyuma, na mtoto wa mwisho bado anasoma. Na Kapteni anaonekana yuko tayari kuruka. Pengine ataruka kweli, pengine itakuwa salama, na yeye ataonekana mzee mwoga aliyeiharibu kazi yake kwa ubishi.

Nami nikaogopa. Namtania mtu huyu tangu nilipokuwa kijana, lakini ndiye aliyeniweka mjini, na sikuwa tayari kumwona amekaa kizingitini anahesabu wapita njia. Kwa hiyo nikasema la kijinga. Nikasema atie tu sahihi, mkono uteleze, Mungu atasimamia.

Dada alinitazama kama ninavyotazamwa nikimwaga mchuzi kwenye hariri. Akasimamisha cherehani.

"Wewe mwenyewe," akamuuliza mumewe, "ungepanda?"

"Hapana."

"Basi mbona mnanipotezea muda? Sogeza sahani."

Cherehani ikaendelea. Hicho ndicho kilikuwa kikao cha familia.

Asubuhi saa mbili kamili fomu ilikuwa mezani kwa Bwana Jana, kalamu imelala juu yake. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilijifanya nimeleta chai. Shemeji akaichukua akaisoma. Bwana Jana akaangalia saa. Shemeji akaisoma tena. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa panauliza watakaokuwa ndani. Niandike nani?"

"Kapteni, msaidizi wake, na wewe. Si ndiyo desturi yenu?"

"Na wewe mkurugenzi? Si unakwenda makao makuu?"

"Mimi nitakwenda kwa gari," Bwana Jana akasema. "Nina mambo ya kupitia njiani."

Kwa gari ni mwendo wa saa tisa, nusu yake mashimo. Kapteni alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nilimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema kwamba mgongo wake tangu jana hauko vizuri. Ulikuwa mgongo mzuri tu, nilikuwa nimeuona asubuhi ileile ukibeba begi, lakini sikumlaumu.

Shemeji akaandika chini ya fomu: "Siwezi kupanda ndege hii, kwa hiyo siwezi kuitilia sahihi." Kisha akatia sahihi yake chini ya maneno hayo. Hakuyasoma mara mbili. Ndiyo karatasi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza papo hapo.

Mtadhani alifukuzwa. Kumbe kumfukuza mtu kunahitaji sababu iandikwe, na sababu hiyo ikishaandikwa inahitaji mtu wa kuitia sahihi, na ghafla ofisi nzima hakuna aliyekuwa na kalamu. Wakampeleka stoo ya ngazi. Fundi wa injini wa miaka thelathini na moja akapewa ngazi za magurudumu zile za abiria kupandia, azifute na azitie grisi. Ilikuwa kumdhalilisha, na ilimuuma. Wiki ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani na ovaroli safi, na dada ananiambia usafi ule ulimfanya atake kulia, maana kwa miaka yote alikuwa akimgombeza kwa madoa.

Lakini mwiba hauachi ncha yake. Wiki ya pili kila ngazi ilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na sahihi. Siku moja wakubwa wa makao makuu walikwama ndani ya ndege ya kukodi mlango wazi, mvua inawaingilia, Bwana Jana anapunga mikono huku chini, na shemeji anakagua breki za ngazi. Alipomaliza akakagua tena. Mimi nilisimama kwenye mvua ile kwa furaha.

Injini mpya ikaja. Wa kuifunga hapakuwa na mwingine, kwa hiyo wakamtoa stoo kwa siku tisa. Alifunga injini ya kulia usiku na mchana, akaiwasha, akaizima, akaisikiliza, akasoma, akasoma, akatia sahihi. Halafu akaenda kwa Bwana Jana kuomba kiti cha safari ya kwanza, kwa desturi.

"Viti vimejaa," Bwana Jana akasema. "Rudi kwenye ngazi zako."

Hilo lilimkaa rohoni kuliko stoo. Ndege iliruka, ikarudi, ikaruka, miezi ikapita, injini haikukohoa hata mara moja, na bado shemeji alikuwa mtu aliyetia sahihi asipande. Aliitazama kila ikiondoka mpaka ikawa nukta.

Siku ya kustaafu ilipofika, kiinua mgongo kikatoka chote, shukrani kwa ile fomu ambayo hakuna aliyetaka ionekane. Kampuni ilimpa pia tiketi mbili, yeye na mkewe, popote ndege iendako. Dada alishona gauni jipya. Alidhani ni mapenzi yamechelewa kidogo. Mimi nilijua ni ukaguzi, nikanyamaza, kwa sababu napenda kula kwa dada.

Walipanda asubuhi, yeye kaketi dirishani upande wa kulia, nyuma kidogo ya bawa, ameikodolea macho injini yake. Kiti cha kwanza mbele alikaa Bwana Jana, anakwenda mkutanoni. Mimi nikatoa ngazi, nikasimama kando na wapakiaji. Ndege ikaanza kukimbia. Mwewe walikuwa wengi siku ile, jalala lilikuwa limepata mzigo mpya, na wa kupiga debe hayupo.

Ilikuwa imevuka robo tatu ya njia niliposikia mlio, bum, kama mlango wa chuma umefungwa na mtu mwenye hasira. Moshi ukatoka upande wa kushoto. Mle ndani yuko dada yangu, na yuko yule mtu. Mwenzangu mmoja alisema "inasimama", lakini haikusimama. Pua ikayumba kidogo kushoto, ikanyooka. Ikainuka. Ikapita juu ya uzio, ikapita juu ya jalala kwa uvivu, mwewe wakatawanyika, nayo ikaendelea kupanda polepole na injini moja inavuma. Nilijikuta naisukuma kwa mikono yote miwili, hewani, kama mwehu.

Ilizunguka ikarudi ikatua. Niliipeleka ngazi mbio, na naomba niseme kwamba breki za ngazi ile zilishika barabara. Wa kwanza kutoka alikuwa Bwana Jana, tai iko begani, amekumbatia begi la mtu mwingine. Alisimama juu ya ngazi, hana rangi, akatuona, akapata nguvu mpya.

"Mmeona?" akapiga kelele. "Mmeona? Nilisema mimi! Inaruka kwa injini moja!"

Shemeji alikuwa nyuma yake, amemshika dada mkono, anasubiri apishwe.

"Ilianza na mbili, mkurugenzi," akasema. "Tupishe, mama watoto ashuke."

Ya ndani alinisimulia dada baadaye, sebuleni, kati ya vitambaa. Anasema mlio ulipopiga watu walianza kusali kwa lugha zote, na yeye akamkaba mumewe mkono mpaka kucha zikaingia. Mumewe alikuwa anaangalia nje, anahesabu taa za kando ya njia. Akasema tu, "Mwendo umeshapita. Sasa ni kumalizia."

"Kwa ipi?" dada akamuuliza.

"Ya kulia."

"Hiyo ya kulia nani aliifunga?"

"Mimi."

"Na karatasi yake ulisoma?"

"Mara mbili."

Dada anasema akaulegeza mkono. Hapo hapo, jalala liko chini yao na injini moja inavuma, akamsamehe kile cheti cha ndoa.